Kadi ya Tunu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Miaka mingi niliwabonyeza wengine hivi, kwa hiyo najua maana yake. Sijamwambia Teodosia. Lakini binti yangu ana macho.

Amerudi kisimani na habari. Penina, binti wa Jeremia Shilinde, yule mfugaji aliyehamia hapa Ruponda mwaka juzi kutoka Kanda ya Ziwa, amepelekwa hospitali mjini Nachingwea. Kwa pikipiki! Dereva mbele, yeye katikati, kaka yake Shija nyuma amemshikilia. Amefunikwa kitenge tu, nguo haivaliki. Malengelenge kifuani, mgongoni, usoni. Ukimgusa ngozi inateleza na kutoka. Macho hayafunguki.

— Mafuta ya korosho hayo, anasema Teodosia. Kila mtu anasema hivyo. Penina alikuwa akibangua korosho kwa Mwamina, mke wa jirani yetu Kaimu. Mafuta ya ganda yanaunguza, hilo mtoto yeyote wa huku analijua. Ila sasa maneno yamezidi: kwamba Mwamina alimmwagia makusudi.

Nikauliza: na midomo je?

— Midomo imeoza, baba. Damu tupu. Hata mate hamezi.

Sikuuliza tena. Uji ukapoa mbele yangu.


Jumanne, 8 Oktoba

Vijana wanane wa kifugaji wamesimama langoni kwa Kaimu tangu saa mbili asubuhi. Fimbo begani.

Chanzo ninakijua. Mwezi uliopita ng'ombe wa Jeremia waliingia mikoroshoni kwa Kaimu, wakala maua na mabibo. Mwamina alipiga kelele barabarani, akasema watu waliolelewa na ng'ombe watakufa kama ng'ombe. Maneno ya hasira. Sasa kila mtu anayakumbuka neno kwa neno.

Saa tano akaja Aurelia, mtendaji wa kijiji. Mama mwenye heshima, anavua viatu mlangoni. Akasema Jumamosi kuna mkutano, anataka kuzuia damu isimwagike, anahitaji karatasi kutoka kwa mtu anayeaminika.

— Mzee Agapiti, wewe ulikuwa mganga wa zahanati miaka thelathini. Na wazee wananiambia wewe mwenyewe ulishaandika kesi kama hii. Yule mtoto wa upande wa Ruangwa, mwaka themanini na tatu. Mafuta ya korosho. Alimwagiwa na mke mwenza wa mama yake. Ni kweli?

Ameshika kalamu. Anangoja.

Nikamwambia nitatafuta kwanza kwenye karatasi zangu.

Sina karatasi zozote. Ile moja iliyokuwa na ukweli niliichoma kwa mkono wangu. Uongo wangu una miaka arobaini na moja, umeoa, umezaa, na leo umekuja kubisha hodi kwangu kuomba ushahidi.


Jumatano, 9 Oktoba

Nimelala mchana kutwa. Pumzi fupi. Teodosia ameweka mito mitatu mgongoni. Anasema: unamwandikia nani kila siku, Mungu? Mungu ana taarifa tayari.

Naandika kwa kuwa sijawahi kuandika.

Mwaka 1983 nilikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati ndogo, upande wa Mandawa, huko Ruangwa. Jengo lenyewe halipo tena. Msimu wa masika aliletwa mtoto wa kike wa miaka tisa, Tunu. Homa ya malaria. Nikampa vidonge vyenye salfa — si ile ya kupulizia mikorosho, hii ni dawa. Baada ya siku kumi hivi akarudi na vidonda mdomoni, macho mekundu, vipele kifuani. Nikashughulika, akapona. Muuguzi wangu akaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: ASIPEWE SALFA. Nilimwona akiandika.

Desemba akaletwa tena. Homa tena. Aliyemleta mara zote mbili ni Mwantumu, mke mdogo wa baba yake. Mama mzazi alikuwa Lindi anauguza. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka kwenda mjini kabla lori halijaondoka. Kadi ilikuwa mezani. Sikuifungua.

Mwantumu akasema: mganga, dawa ile ya mwanzo ilimtoa vidonda mdomoni.

Mbele ya foleni nzima nikamjibu: wewe umesoma wapi?

Watu wakacheka. Na yeye alicheka, kwa aibu, akashika vidonge, akaondoka.

Siku mbili tu. Alirudi amembeba mtoto kwenye jani la mgomba kwa sababu shuka lilikuwa linamchuna. Sitaandika nilichokiona. Siku ya sita Tunu akafa. Alikuwa hawezi kuona, akawa anauliza kama kumekucha.

Baba yake akauliza ni nini. Nikatazama mikono ya Mwantumu. Ilikuwa myeusi hadi kwenye viganja, mikono ya mwanamke anayebangua korosho. Ulimi wangu ukasema: ameungua mafuta ya maganda ya korosho. Sikusema amemwagiwa. Hilo walilisema wao. Ila sikulikanusha. Nikaandika kwenye daftari la zahanati hivyo hivyo, na kadi nikaitia kwenye jiko la kuchemshia sindano.

Mwantumu akapewa talaka wiki hiyo. Alitoka na mtoto wake mwenyewe mgongoni na sufuria kichwani. Watoto wa shule walimfuata wakimwimbia.

Nimeungama kwa padri mara mbili, mapadri tofauti. Wote waliniambia jambo moja: nenda kwa yule mama. Sikwenda.


Alhamisi, 10 Oktoba

Nimempigia Daktari Marystella. Ndiye anayenitibu moyo kliniki, kijana, Msukuma wa Geita, hucheka hata akiwa amechoka. Leo hakucheka. Penina yuko wodini kwake.

— Babu, hii si kuungua. Imeingia mdomoni, machoni, sehemu za siri. Moto hauchagui hivyo. Hii ni dawa. Lakini nimeuliza mama, nimeuliza baba: amemeza nini? Wanasema hajameza kitu. Nimesimamisha kila kitu na bado malengelenge mapya yanatoka kila siku. Nahisi kuna kitu kinaendelea kuingia.

Nikamwomba anifundishe. Sisi enzi zetu tuliambiwa ni sumu ya dawa, basi. Akanieleza polepole, kama mwalimu.

Si dawa inayoua ngozi. Ngozi inauawa na askari wake mwenyewe. Kuna seli nyeupe za damu zinaitwa seli T, kazi yake ni kukagua. Zinapita kila mahali zikitazama nani mgeni. Dawa inapojibandika kwenye seli za ngozi, kwa watu wengi askari hawa hawaoni tatizo. Kwa wachache, kwa jinsi walivyozaliwa, wanaona adui. Wanaitana. Wanaongezeka. Wanamwaga sumu yao, na seli ya ngozi yenye afya kabisa inakufa, na ya jirani yake, na ya jirani yake, hadi tabaka lote la juu linaachia. Ukifyonza maji ya lengelenge unawakuta humo humo, pamoja na sumu.

— Kwa hiyo kipimo kidogo hakisaidii? nikauliza.

— Askari hapimi kilo, babu. Anatazama sura.

Halafu nikauliza nililolipigia simu. Mtu akipewa mara ya pili?

— Ooh. Wakishamaliza vita baadhi hawafi. Wanabaki miaka na miaka, wanakumbuka. Dawa ikirudi hawajifunzi upya. Siku moja, mbili, wameshaanza.

Siku mbili!

Nilikata simu bila kuaga. Damu ya mtoto wa miaka tisa ilikumbuka. Mimi, mtu mzima, mwenye kadi mezani, sikukumbuka.


Ijumaa, 11 Oktoba

Mwamina amehamia jikoni kwetu. Kaimu amemleta kupitia mlango wa nyuma, yeye amebaki kulinda nyumba. Mama wa watu anamenya mihogo kwa hasira, maganda yanaruka hadi ukutani.

— Babu, tazama mikono hii. Miaka ishirini nabangua. Inachubuka hapa, na hapa, napaka majivu, nalala. Lini umeniona nimechubuka ulimi? Ulimi huu ungeungua, Kaimu angetoa sadaka!

Teodosia akacheka hadi akakaa chini. Mwamina naye akacheka, kisha akalia.

Mchana mawe mawili yametua juu ya bati la Kaimu. Mawili tu. Kama salamu.

Aurelia ametuma ujumbe: karatasi yako, mzee, naipata lini? Nimemjibu nitakuja mwenyewe. Teodosia amesoma jibu langu kwenye simu. Ameniuliza nina nini cha kwenda kusema ambacho hakiwezi kuandikwa. Nikamwambia. Yote. Aliendelea kukunja nguo mpaka nikamaliza. Kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuniita baba. Alisema tu: kesho utahitaji bajaji.


Jumamosi, 12 Oktoba

Nimechoka sana lakini lazima niandike leo.

Mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Wafugaji upande mmoja, wakulima upande mwingine, katikati uwazi ambao hakuna aliyeukanyaga. Polisi jamii wawili. Jeremia Shilinde mbele kabisa, mrefu, koti zito juani, hatikisiki. Nilibebwa pamoja na kiti changu kutoka kwenye bajaji.

Aurelia akasoma malalamiko. Akasema: sasa tumsikilize mzee wetu, ambaye aliwahi kuona jambo kama hili.

Nikasema: lile la mwaka themanini na tatu nililiandika mimi, na ni uongo.

Nilisema lote. Jina la Tunu. Salfa. Wino mwekundu. Mwantumu, na nilivyomuuliza amesoma wapi. Jiko. Sauti ilikuwa ndogo, Aurelia akawa anarudia kila sentensi kwa sauti kubwa ili wasikie nyuma. Kusikia dhambi yako ikirudiwa kwa sauti ya mtendaji! Hata la sufuria kichwani alilitamka.

Nikamalizia: Penina hajaunguzwa na Mwamina. Kuna dawa amekula. Aliyempa hana kosa, alitaka apone, kama mimi nilivyotaka. Kosa ni kunyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini na moja. Penina hana hata siku arobaini na moja.

Mzee mmoja wa upande wetu: kwa hiyo uliua, ukaja kukaa hapa tunakuamkia shikamoo? Kijana mmoja wa nyuma: haya, mganga katubu, nani mwingine? Wachache wakacheka.

Jeremia akageuka akaondoka. Vijana wake wakamfuata. Nikadhani basi, nimeshindwa.

Alikuwa anatungoja kwenye mti wa kona, barabarani. Peke yake. Akasimamisha bajaji kwa mkono.

— Mzee. Hiyo salfa. Ya ndama nayo ndiyo hiyo?

Akatoa mfukoni karatasi ya dawa iliyokunjwa. Vidonge vya ndama wanaoharisha, vikubwa kama kipande cha sabuni. Nikavaa miwani. Ndiyo hiyo.

Penina aliharisha mwezi uliopita. Kambini wanapolala na mifugo hakuna zahanati karibu, ila sanduku la dawa za mifugo halikosekani, na Jeremia anajua kutibu, ng'ombe wake hawafi ovyo. Alipasua robo kila siku.

— Nilipiga hesabu, mzee. Ndama kilo sitini, binti arobaini na nane. Nikapunguza na tena. Homa ilipomzidi nikajua ugonjwa haujaisha, nikaendelea.

— Hesabu yako ilikuwa nzuri, nikamwambia. Si suala la hesabu. Bado anameza?

Akatazama chini.

— Mama yake anakoroga kwenye uji unaopitishwa kwa mpira wa puani. Wodini. Asubuhi na jioni.

— Kwa nini hamkusema!

— Tukisema tumempa mtoto dawa ya ng'ombe, watasema sisi wenyewe ni ng'ombe. Si walishasema?

Teodosia alikuwa ameshabonyeza namba. Daktari Marystella alipokea kwa mlio wa kwanza. Jeremia akachukua simu, akazungumza naye Kisukuma, sauti ikimtoka kama mtu anayebeba gunia. Nilisikia mbio za viatu upande wa pili.


Jumatatu, 14 Oktoba

Mwamina amerudi kwake. Jana Jeremia alikwenda mwenyewe hadi langoni pa Kaimu, akaweka fimbo chini, akasema aliyoyasema. Kaimu hakumkaribisha ndani, lakini alimletea maji. Mwamina akasema kwa sauti ya kusikika: na ng'ombe wako je, nao wataomba radhi? Hivyo naona yeye atapona.

Daktari anasema tangu jana asubuhi hakuna lengelenge jipya. Lakini ngozi imetoka karibu theluthi ya mwili. Wanaogopa vijidudu kuingia damuni, wanaogopa macho. Bado anaweza kufa, babu, tusidanganyane. Na ndugu zake wa damu, salfa wasiiguse mpaka hali yao ijulikane, kwa kuwa alama anayotazama askari inaweza kuwa ya ukoo. Nimemwandikia Jeremia kwenye karatasi ngumu, herufi kubwa, wino mwekundu. Watoto sita, karatasi sita.

Jioni Kaimu amekuja na uso mbaya. Kijana fulani alinirekodi mkutanoni. Sauti yangu inazunguka kwenye simu, Nachingwea, Ruangwa, mpaka Dar. Kuna watu wameweka vicheko chini yake.

— Na Mandawa? nikauliza.

— Mandawa ilifika juzi, mzee. Yule mama yupo hai.

Sikuwa na haki ya kufikiri amekufa. Lakini nilikuwa nimefikiri hivyo. Ilikuwa rahisi.


Jumatano, 16 Oktoba

Simu. Sauti ya kijana:

— Shikamoo babu. Naitwa Anuari, mjukuu wa bibi Mwantumu. Bibi amesikia ile klipu. Ameisikiliza mara tatu, halafu kaniambia nimpigie huyo mzee. Usikate, mtandao huku unasumbua.

Kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu.

— Mganga.

Miaka arobaini na moja, bado ananiita mganga. Nikaanza maneno niliyoyaandaa. Akanikata.

— Hayo nimeyasikia, umewaambia watu wa Ruponda. Mimi yule mtoto nilimwosha. Ngozi ya ndani ya shavu ilibaki kidoleni kwangu. Nilijua si mafuta. Nilijua siku ile ile. Nilikuwa sijasoma lakini nilijua.

— Nisamehe.

— Ruponda nani ananijua? Ruponda sikufukuzwa. Walionifukuza wako huku, na watoto wao wako huku, na wajukuu wao wanawaambia wajukuu zangu bibi yenu alichoma mtoto. Mwaka jana posa ya mjukuu wangu ilirudishwa kwa hilo. Njoo useme huku.

Nikamwambia moyo, miguu, daktari atakataza safari.

— Mimi nilitembea, akasema. Nikiwa na mtoto mgongoni.

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Daktari Marystella anasema barabara ile inaweza kuniua. Hakusema nisiende. Kisha akaniambia Penina amefungua jicho la kushoto leo, ameona mwanga, hajatambua sura. La kulia bado limeshikana.

Teodosia amepiga pasi shati jeupe. Leo ameniita baba, mara moja, bila kugeuka.


Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika ndani ya gari. Noah ya shemeji wa Kaimu. Herufi zinaruka, sitazisahihisha.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Lami, kisha vumbi. Ruangwa tulipumzika, Teodosia akanipa kidonge cha kutoa maji mwilini. Midomo yangu ya bluu — nimeiona kwenye kioo cha dereva. Jeremia yuko kiti cha nyuma, hakualikwa, alikuwa amesimama barabarani alfajiri na koti lake. Alisema: mtu hasemi jambo kama hilo bila mtu wa upande wake. Basi.

Mandawa. Nyumba ya bati, ua umefagiliwa. Tumesimama. Anuari amekuja dirishani, kijana mpole, anasema bibi ameita watu.

Watu! Wamejaa hadi kwenye ufuta uliotandazwa. Wazee wanne kwenye mkeka, mbali, chini ya ukuta. Mmoja ni mdogo wa baba yake Tunu, namtambua kwa masikio. Hajaitikia salamu ya dereva.

Mwanamke amesimama katikati ya ua. Mwembamba. Mikono bado myeusi viganjani. Mbele yake kiti kimoja cha plastiki. Ameniona.

Kutoka mlango wa gari hadi kwenye kiti ni hatua kama kumi. Kumi naweza. Teodosia anasema, baba, sema ukiwa garini, watakuja. Jeremia ameshashuka, ananyoosha mkono.

Mwantumu ameshika kiti. Nimedhani anakileta karibu.

Anakipeleka mbali. Anakiburuta mpaka ukutani, anakiweka mbele ya ule mkeka, miguu ya kiti inagusa miguu ya wale wazee. Anakitikisa kuona kama kimesimama sawa. Halafu anarudi alipokuwa, anakunja mikono, anatazama gari.

Ni hatua thelathini sasa. Labda zaidi. Mkono wa Jeremia nimeushika. Teodosia anataka kalamu